Kutoka Mkono hadi Kumbukumbu: Historia ya Meza ya Taa za Jukwaa na Nafasi ya Kiswahili katika Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mtambo wa kuongozea taa za jukwaani, tangu enzi ya mabomba ya gesi hadi meza ya kidijitali, ili kuonyesha jinsi lugha mbalimbali zilivyoupa mtambo huo na sehemu zake majina. Hoja kuu ni kwamba neno moja la Kiingereza linalotumika leo kwa mipangilio iliyotunzwa ndani ya mtambo limebeba dhana mbili zilizozaliwa katika vipindi tofauti. Kwa hiyo istilahi za Kiswahili zitakuwa sahihi zaidi zikichimbuliwa katika kazi yenyewe kuliko zikitafsiriwa kutoka katika neno hilo. Mfano wa makala ni jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili wa kambi ya Dzaleka na mitaa ya Lilongwe kama Mchesi, nchini Malawi. Huko Kiswahili kimelipa tamasha jina lakini hakijaipa meza ya taa msamiati wake.

1.0 Utangulizi

Tamasha la Tumaini lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2014 katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mwanzilishi wake ni Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayejulikana jukwaani kwa jina la Menes la Plume. Mwaka huohuo Tamasha la Amani lilianza mjini Goma. Matamasha hayo mawili, moja katika nchi ambako vita viliwang'oa watu na jingine katika nchi waliyokimbilia, yalichagua majina ya Kiswahili. Redio ya jamii ya Dzaleka nayo inaitwa Yetu. Malawi haina Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi, lakini maneno haya matatu yanaonyesha kwamba wakazi wa kambi walipotaka jina ambalo Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda wote wangelielewa, walilipata katika Kiswahili.

Hali hubadilika mtu anapotoka mbele ya jukwaa na kwenda nyuma ya meza ya taa. Meza hiyo ni mtambo wenye vitufe, vitelezi na skrini, unaoamuru taa ipi iwake, kwa ukali gani, kwa rangi gani na ikielekea wapi. Vitufe vyake vimeandikwa Kiingereza, hata pale mtambo unapotoka katika kiwanda cha Ujerumani. Kazi ya mezani hugawanyika mara mbili. Kabla ya onyesho kuna kupanga: fundi huandaa mionekano ya mwanga, huitunza katika kumbukumbu ya mtambo na kuikabidhi kwa vitufe. Wakati wa onyesho kuna kuendesha: fundi hubonyeza vitufe hivyo kwa wakati wake. Kuendesha kunaweza kufunzwa kwa kutazama na kuiga. Kupanga kunadai kuelewa dhana na uhusiano wake, na dhana hufunzwa kwa maneno. Hapo ndipo suala la istilahi linapogusa ajira, kwa kuwa anayejua kubonyeza tu hubaki msaidizi wa anayejua kupanga.

2.0 Kila lugha ilivyoupa mtambo jina

Katika karne ya 19, kumbi nyingi za Ulaya zilimulikwa kwa gesi. Mabomba ya taa zote yalikusanywa mahali pamoja kando ya jukwaa, na fundi alipunguza au kuongeza mwanga kwa kufunga na kufungua vali. Wafaransa walioyaona mabomba hayo yamesimama kwa safu waliyafananisha na filimbi za kinanda cha kanisani, nao wakauita mtambo "jeu d'orgue". Gesi iliondoka, jina likabaki: hadi leo meza ya kidijitali katika ukumbi wa Kifaransa huitwa hivyo. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy wa London ulianza kutumia taa za umeme katika jengo zima. Swichi na vipunguza mwanga vikapangwa juu ya ubao mkubwa, na Kiingereza kikachukua jina la ubao. Wajerumani waliazima neno "Stellwerk", linalotumika kwa kituo cha kuongozea ishara na njia za reli, kwa sababu huko nako mtu mmoja aliamuru mambo ya mbali kwa safu ya mikono ya chuma. Mwaka 1935, Mwingereza Frederick Bentham alikwenda mbali zaidi ya jina: aliunda mtambo wa taa kwa kutumia kiti, vibonye na kanyagio za kinanda chenyewe.

Funzo la historia hii kwa wanaistilahi ni kwamba lugha hizo tatu ziliutaja mtambo mpya kwa kitu ambacho watumiaji walikuwa wamekwisha kukijua. Hakuna iliyotafsiri jina la mwenzake. Lugha za Afrika Mashariki nazo zimewahi kufanya vivyo hivyo. Neno umeme lilikuwa la radi inayomulika mawinguni kabla ya kuwa la nishati ya ndani ya nyaya. Kirundi, bila kutafsiri Kiswahili, kilifuata njia iliyo karibu na hiyo kwa kuunda umuyagankuba, neno ambalo ndani yake mna inkuba, yaani radi. Mafundi na wasikilizaji wa redio walipata neno fundi mitambo, ambalo kila msikilizaji wa Kiswahili analielewa bila maelezo. Hata hivyo, fundi mitambo ni jina la mtu. Vitu vilivyo chini ya vidole vyake, na hasa vitendo anavyovifanya kwa vitu hivyo, vimebaki na majina ya kuazima.

3.0 Neno moja, dhana mbili

Tatizo la mafundi wa awali lilikuwa la mikono. Kubadili mwonekano wa jukwaa kulihitaji kusogeza mikono mingi ya chuma kwa wakati mmoja, na onyesho kubwa lilihitaji mafundi kadhaa waliofuata karatasi ya maelekezo. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuwa na safu mbili za vidhibiti. Safu ya kwanza ikiwa inaongoza mwanga unaoonekana, fundi aliandaa mwonekano unaofuata kwenye safu ya pili, ambayo ilikuwa haijaunganishwa na jukwaa. Zamu ilipofika alihamisha mamlaka kutoka safu moja hadi nyingine kwa kitelezi kimoja. Mwaka 1947, George Izenour wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha mtambo wa kielektroniki ulioweza kuandaliwa mionekano kumi mapema. Mwonekano uliowekwa tayari kabla ya wakati wake ndiyo maana ya kwanza ya neno la Kiingereza ambalo, likitamkwa Kiswahili, huwa priseti.

Hatua ya pili ilikuwa kumbukumbu. Katika miaka ya 1960 studio za televisheni za BBC zilianza kutumia mtambo uliotunza viwango vya taa kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 1975 mbunifu wa taa Tharon Musser alitumia meza ya kompyuta katika tamthilia ya muziki A Chorus Line, ya kwanza ya aina hiyo katika kumbi za Broadway, New York. Kilichobadilika hapo kilizidi kasi. Ujuzi uliokuwa umetawanyika katika mikono ya mafundi kadhaa na karatasi zao ulikusanywa ndani ya mtambo, na aliyeuingiza humo akawa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mwanga.

Hatua ya tatu ililigeuza neno lenyewe. Mwaka 1981 bendi ya Genesis ilianza ziara ikiwa na taa za Vari-Lite zilizoweza kugeuka na kubadili rangi kwa amri ya mtambo. Taa ya zamani ilikuwa na jambo moja la kuongozwa, ukali wa mwanga. Taa mpya ilikuwa na mengi: ukali, rangi, mwelekeo wa mlalo, mwelekeo wa wima, upana wa mwale. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya teknolojia ya kumbi, USITT, ilitoa kanuni ya mawasiliano iitwayo DMX512, ambayo kwayo waya mmoja hubeba njia 512, kila njia ikiwa na viwango kuanzia 0 hadi 255. Taa moja inayotumia njia 16 huchukua nafasi ya taa 16 za zamani, na waya mmoja hutosha taa 32 za namna hiyo. Hakuna fundi awezaye kuandika viwango hivyo vyote kimoja kimoja kwa kila mwonekano.

Ndipo mafundi walipoanza kutunza vipande badala ya mionekano mizima: rangi ya samawati peke yake, mwelekeo wa taa zote kwa mwimbaji wa katikati peke yake. Mwonekano mzima ukawa unajengwa kwa kurejelea vipande hivyo. Fundi akirekebisha kipande kimoja, kila mwonekano unaokirejelea hurekebika. Faida yake huonekana zaidi katika tamasha la wazi, ambako jukwaa husimikwa upya kila mara na taa haziwezi kurudi palepale. Fundi hurekebisha mielekeo michache iliyotunzwa, na mamia ya mionekano iliyopangwa mwaka uliopita hukaa sawa. Katika meza nyingi za leo kipande hicho nacho huitwa priseti. Neno lililomaanisha mwonekano mzima uliowekwa tayari limekuja kumaanisha kielelezo kidogo kinachorejelewa na mionekano mingi. Mwanafunzi anayepewa neno bila historia yake hutunza mionekano mizima, kisha hushangaa kwa nini hana budi kuanza upya jukwaa linapohama.

4.0 Dzaleka, Mchesi na mipaka ya mafunzo

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni lugha ya mawasiliano kati ya makundi hayo, sambamba na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Chichewa cha wenyeji.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti juu ya haki kadhaa, zikiwemo ajira na uhuru wa kwenda mtu atakako. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakimbizi waliishi na kufanya biashara Lilongwe, katika mitaa kama Mchesi, na Kiswahili kikasikika madukani. Machi 2023 serikali iliwaagiza walioko nje ya kambi warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na Mei mwaka huo polisi walianza kuwahamisha kwa nguvu. Kwa suala la makala haya, matokeo yake ni kwamba umbali wa kilomita 45 kati ya kambi na mji umekuwa mrefu kuliko unavyosomeka kwenye ramani. Kazi ya taa hujifunzwa penye mitambo: katika kumbi, katika makampuni ya kukodisha vyombo, kando ya fundi aliyebobea. Kijana asiyeruhusiwa kukaa mjini hukutana na meza ya taa siku chache kwa mwaka, tamasha linapofika kwake. Muda huo hutosha kuonyeshwa kitufe cha kubonyeza. Hautoshi kufahamu kwa nini kitufe hicho hufanya kifanyacho, hasa pale kila neno linalohusika linapotoka katika lugha anayoisoma kwa shida.

Vilevile, wazungumzaji wenyewe hawatoki shule moja. Aliyesomea Lubumbashi au Bujumbura amezoea majina ya vyombo kwa Kifaransa. Aliyesomea Malawi amezoea ya Kiingereza. Fundi wa kwanza akisema "jeu d'orgue" na wa pili akitaja ubao wa Kiingereza, mtambo ni uleule lakini hawasikilizani. Kiswahili ndiyo lugha wanayokutania. Hivyo istilahi za Kiswahili hapa zina kazi ya mara moja, ya usalama pia: taa nzito zikining'inia juu ya vichwa vya watu na umeme ukipita chini ya miguu yao, agizo lisiloeleweka si jambo dogo.

Masomo ya elimu ya juu kwa mtandao yamekuwepo Dzaleka tangu mwaka 2010 kupitia mpango wa Wajesuiti, nayo yameonyesha kwamba kambi inaweza kuwa mahali pa kupata shahada na stadi. Kinachohitajika kwa ufundi wa jukwaa ni kidogo zaidi ya hapo. Programu za kupangia taa hutumika katika kompyuta ya kawaida zikiwa na jukwaa la kuigiza kwenye skrini, bila taa halisi hata moja. Mafunzo ya kupanga yanaweza kufanyika mwaka mzima kabla ya lori la vyombo kuwasili. Kizuizi kinachobaki ni lugha ya kufundishia.

5.0 Istilahi kutoka katika kazi

Kanuni za uundaji istilahi zilizozoeleka tangu kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 huelekeza kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuazima mbali. Kanuni hizo zinatosha kwa dhana tatu zinazobeba kazi ya kupanga.

Dhana ya kwanza ni priseti. Kwa maana ya kale, mwonekano mzima unaosubiri zamu yake, Kiswahili kinaweza kutumia mwonekano-tayari. Kwa maana ya sasa, kipande kinachorejelewa, kipo tayari kiolezo. Mshonaji na seremala wanajua kwamba kiolezo ni kile kinachofuatwa na vingine, na programu za kompyuta za Kiswahili zimekwisha kulizoeza neno hilo. Kiolezo cha rangi na kiolezo cha mwelekeo ni virai vinavyojieleza. Kwa kugawa dhana ambazo Kiingereza kimezifumba katika neno moja, Kiswahili kingemsaidia mwanafunzi mahali hasa anapokwama.

Dhana ya pili ni mabadiliko yanayojiendesha: taa zinazokimbizana, rangi zinazopishana, miale inayoyumba kama majani. Tafsiri ya haraka ni athari. Neno hilo lina kasoro, kwa kuwa katika Kiswahili athari ni matokeo, mara nyingi mabaya, kama athari za ukame. Madoido linafaa zaidi, maana ni mapambo yanayoongezwa juu ya kitu kilichokwisha kuwepo, nalo hutumika tayari katika programu za picha na video. Ndani ya madoido kuna aina mbili. Ya kwanza ni mfuatano, ambapo taa huwaka hatua kwa hatua. Ya pili ni wimbi, ambapo kiwango hupanda na kushuka mfululizo. Wimbi lina kasi, lina kimo, na lina mpishano, yaani kuchelewa kwa taa ya pili nyuma ya ya kwanza. Mtu aliyekulia Kalemie au Uvira, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, haelezwi mara mbili wimbi ni nini.

Dhana ya tatu ni kitufe na tabia yake. Kitufe kimoja huwasha taa kwa muda ambao kidole kimekikandamiza tu. Kingine hubaki hadi kibonyezwe tena. Cha tatu hupeleka onyesho kwenye hatua inayofuata. Meza nyingi humruhusu fundi kuchagua tabia ya kila kitufe, na makosa mengi ya jukwaani hutokana na kudhani kitufe kina tabia kisichokuwa nayo. Kitufe cha kumulika, kitufe cha kubakiza na kitufe cha kuendeleza ni majina yanayotoka katika vitenzi vya kila siku. Kitenzi kuzima hakihitaji hata kufasiriwa kwa Mmalawi, kwani Chichewa kina kitenzi cha shina hilohilo kwa moto au taa inayozimika. Kanuni ya lugha za Kibantu, ambayo mara nyingi hubaki kwenye karatasi, katika Dzaleka ni hali ya kila siku.

6.0 Hitimisho

Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC waliokutana Dar es Salaam walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, ambayo Malawi ni mwanachama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Malawi si mwanachama. Hivyo Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda wa Dzaleka wametoka katika nchi ambazo Kamisheni inazihudumia, wakaingia katika nchi ambayo haiifikii. Uamuzi wa SADC ndio unaoweza kuwafikia walipo, iwapo hautaishia katika ukalimani wa mikutano.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, BAKITA na taasisi za utafiti wa Kiswahili zikusanye na kusanifisha msamiati wa ufundi wa jukwaa kwa kushirikiana na mafundi wa matamasha yanayotumia Kiswahili, likiwemo Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, pamoja na Amani na Tumaini. Kiswahili cha Kongo kiwe chanzo katika kazi hiyo, kisichukuliwe kama kosa la kusahihishwa. Pili, washauri wa sera za elimu ya wakimbizi nchini Malawi waingize stadi za jukwaa katika mafunzo ya ufundi kambini, yakifundishwa kwa Kiswahili na Chichewa, huku majina ya Kiingereza yaliyomo kwenye mitambo yakifunzwa kama majina ya kutambua vitufe tu. Tatu, waandaaji wa matamasha waanze na kile kisichohitaji idhini ya mtu yeyote. Meza za kidijitali humwachia fundi uhuru wa kuandika jina la kila kiolezo, kila doido na kila kitufe alichokipanga, kwa lugha aitakayo, na kwenye meza ya zamani utepe wa karatasi na kalamu hufanya kazi hiyohiyo. Majina hayo hutunzwa pamoja na onyesho, na fundi wa mwaka unaofuata huyakuta.

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba tangu mwaka 1975 mamlaka juu ya mwanga yamehama kutoka kwa anayeuendesha kwenda kwa anayeupanga. Tamasha la Tumaini limethibitisha kwamba watu wa Dzaleka wanaweza kuandaa jukwaa na kulijaza wasanii. Istilahi za kupanga mwanga wa jukwaa hilo ni sehemu ndogo ya sera ya lugha, na ni miongoni mwa zile zinazoweza kukamilishwa kwa gharama ndogo kabla ya tamasha lijalo.